Hapa Hapakatiki

Ninyi vijana mnaofanya kazi ya lugha leo mnaiona sauti ya mtu kwenye kioo cha kompyuta, imechorwa mistari juu na chini. Mnaweka alama kwa kidole, na mkikosea mnafuta. Mmeniuliza mara nyingi sisi wa zamani tulifanyaje. Sisi sauti tuliikata kwa wembe. Nitawaeleza ilivyokatwa, maana wanaoujua ufundi huo sidhani kama wamebaki wengi. Ila nikishaanza na ufundi itabidi nimalizie na jambo nililolifanya, na hilo ndilo limenichelewesha kushika kalamu. Mke wangu nilikaa naye miaka arobaini na sita, akafa bila kulijua.

Naitwa Fideli. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, nami nilizaliwa kambi ya reli hapa Kalemie, mji ambao siku zile bado tuliuita Albertville. Nilisoma kwa mapadri hadi miaka minne ya sekondari. Nikajua Kifaransa, nikaanza kuvaa kravati, ile tai ya shingoni, hata siku ambazo hapakuwa na sababu. Mwaka wa pili wa uhuru, biro nyingi, ofisi za serikali, zilikuwa zimefungwa na kila kona ilikuwa na askari. Ndipo padri mmoja, Padri Hubert, akaniita kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vitabu la misheni. Juu ya meza kulikuwa na magnetofoni mbili za bobine, yaani mashine za kurekodia sauti kwenye magurudumu ya utepe, rula ya chuma, kalamu ya nta ya rangi ya njano na pakiti ya nyembe.

Akaniambia, "Fideli, nataka kuandika kitabu cha kusomea kwa watoto wa pwani ya ziwa, kwa Kiswahili chao wenyewe. Lakini tazama. Padri wa Kifleme akilisikia neno analiandika hivi, sista wa Kifaransa analiandika vile, na mwalimu wa Mpala ana namna yake. Kila mmoja anaandika masikio yake. Mimi nataka kujua katika neno kuna sauti ngapi, na kila moja inaanzia wapi, bila kuuliza sikio la mtu."

"Tutamuuliza nani, Padri?"

"Rula," akasema.

Nikaona ni rahisi. Bande, yaani ule utepe wa kahawia, ilitembea sentimita kumi na tisa kwa sekunde moja. Neno kama *mutoto*, likisemwa bila haraka, lililala kwenye bande kwa urefu wa kiganja. Unazima mota, unashika bobine mbili kwa mikono, unaipitisha bande polepole mbele ya kichwa cha mashine, mbele na nyuma. Sauti inatoka nzito, ya kukoroma. Unapoisikia inageuka, unasimama na kuweka alama ya njano nyuma ya bande, sawasawa na kichwa. Halafu unapima kwa milimita kutoka mwanzo wa bande, pale utepe mweupe usio na sauti unapoungana na wa kahawia. Ukitaka kuhakikisha, unaikata nakala kwenye alama zako, unaunga kila kipande peke yake kati ya tepe nyeupe, unasikiliza umepata nini.

Kukata kuna adabu zake. Kata mshazari, usikate wima, la sivyo kiungo kitapiga mlio. Unga kwa skochi ya bande tu, ule utepe wa gundi. Skochi ya kawaida hutoa gundi kwa joto la hapa, na bobine nzima inakuwa mkate mmoja. Na mkasi wa chuma usiusogeze karibu. Hilo nililijua kwa aibu yangu ya kwanza, ndogo, ambayo bado naweza kuicheka. Niliazima mkasi wa mke wa jirani, uliokuwa umekaa muda mrefu kwenye sanduku moja na sumaku ya kuokotea sindano. Kila nilipokata, mkasi uliacha *tik* kwenye bande. Padri alisikiliza, akasisimka. Kwa wiki nzima alizunguka mjini akiwaomba Waholoholo, wenyeji wa hapa, waseme neno la nyumba, neno la mbwa, akitafuta ile *tik* midomoni mwao. Wazee wakadhani amechoka na joto. Nilipoelewa ilikotoka nilimwambia siku ileile, naye alicheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa bado mtu wa kusema kweli.

Mwenzangu wa kazi alikuja miezi michache baadaye. Aliitwa Melania, Mubembe wa pwani ya kaskazini. Alikuwa mjane wa mvuvi, na sisi tulimwita Mama Wilondja kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, sokoni na kuimba kwaya kanisani. Padri alimleta ili asome maneno tuyarekodi. Alisoma, halafu badala ya kwenda zake akasimama nyuma yangu akinitazama nikivuta bande mbele na nyuma.

"Fideli mwanangu, pale umepita," akasema.

"Nimepita nini, Mama?"

"Mulango. T imeanza kabla. Rudisha."

Nikarudisha. Sikusikia kitu ila ukimya.

"Njo huo," akasema. "Ule ukimya ni wa t. Mudomo umefunga, unangoja. Wewe unahesabu t pale inapopasuka tu. Inakuwa imeanza zamani."

Padri alikuwa mlangoni, akasikia. Kuanzia Jumatatu iliyofuata Melania akawa na meza yake, na mashine ya pili ikawa yake.

Alijua kusoma Kiswahili cha kanisani, Kifaransa hakukijua hata kidogo, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake. Mimi nilipoliona neno niliona herufi. *Mutoto* ina herufi sita, basi nilitafuta vipande sita, na nilivyotafuta nikavipata. Yeye aliingia bila idadi kichwani. Alikuwa na neno lake moja tu, mulango, mahali ambapo sauti inatoka na nyingine inaingia, na alisema mulango ama unausikia ama hakuna.

Alinionyesha mambo ambayo baadaye niliyakuta kwenye vitabu vya wataalamu. Siku moja alichukua neno *shamba* akakata mwanzo wa sh kidogo, upana wa ukucha, akaunga na kunisikilizisha. Bande ikasema *chamba*. Sh ilikuwa imegeuka ch kwa kupunguzwa tu. Siku nyingine alichukua k ya *kuku*, akaiunga mbele ya i. Haikutoka *ki*. Kilitoka kitu kigeni, kama mtu ana chakula mdomoni.

"Unaona," akasema. "K ya kuku imekwisha kumuona u. Mudomo umejiviringa mapema. Kila sauti inabeba jirani yake."

Nilicheka naye, lakini moyoni nilianza kuumia. Mimi ndiye niliyesoma. Padri aliingia chumbani, akaipita meza yangu, akaenda kuinama kwenye ya Melania. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na kravati, na muuza ndagala alikuwa akinifundisha alfabeti.

Ndipo Padri akatunga jaribio lake. Alirekodi mvuvi mmoja mzee akisoma maneno themanini. Akafanya nakala mbili, moja ya Melania, moja yangu. Kila mtu afanye kazi peke yake, bila kuulizana. Aweke alama, apime, aandike orodha ya milimita na kuikabidhi. Baada ya wiki mbili alama zifutwe kwa kitambaa, na kila mtu aanze upya kana kwamba bande ni ngeni.

"Zitakuwa orodha nne," Padri akatueleza. "Alama ikiangukia mahali pamoja katika zote nne, basi mpaka uko ndani ya sauti. Isipoangukia, mpaka uko ndani ya mtu."

Nilifanya ya kwanza vizuri, nadhani. Kabla ya kukabidhi niliinakili orodha kwenye daftari langu dogo, bila nia mbaya, ni tabia tu ya mtu aliyesoma shule. Wiki mbili zikapita. Nikaifuta bande, nikaanza upya. Nilipomaliza maneno kumi nikafungua daftari kulinganisha. Mahali fulani nilikuwa nimetofautiana na mimi mwenyewe kwa sentimita nzima. Kwenye *mayai*, kati ya a na i, alama ya kwanza na ya pili zilikuwa kama zimewekwa na watu wawili wasiojuana.

Hapo ndipo ningepaswa kwenda kwa Padri na kumwambia, hii ndiyo hali. Hilo lenyewe lilikuwa jibu la swali lake. Lakini mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba mpaka uko ndani ya mtu, na mtu huyo ni mimi. Nikafuta zile alama kumi. Nikaweka daftari wazi kwenye droo, nikachukua rula, na siku tatu nikapima na kuweka alama bila kusikiliza hata neno moja. Tena niliongeza milimita moja hapa, nikapunguza moja pale, ili ionekane ni kazi ya mkono wa mtu. Hiyo milimita ndiyo inayonichoma zaidi. Mtu anaweza kudanganya kwa hofu. Lakini kukaa na kuupamba uwongo ufanane na ukweli, hiyo inataka utulivu, na mimi nilikuwa nao.

Padri alituita wote wawili siku aliyolinganisha. Alikuwa amezipanga karatasi nne mezani. Zangu mbili zilikuwa mapacha. Za Melania zilikaribiana, zilipishana kidogo kidogo, na mahali pengi hapakuwa na namba bali msalaba mdogo.

"Melania," Padri akauliza, "hapa kwenye *alinunua*, kati ya u na a, mbona hukuandika kitu?"

"Padri, hapa hapakatiki."

"Maana yake?"

"Haina mulango. U inaenda kwa a polepole. Ni sawa na pale muto Lukuga inatoka kwa ziwa. Nani ataweka kijiti aseme ziwa imeishia hapa?"

"Lakini Fideli ameweka. Mara mbili, mahali pamoja."

Melania akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hamu ya kujua tu, kama mtu anayemwuliza mwenzake njia.

"Fideli mwanangu, wewe unasikia mulango hapa?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Ninausikia."

Akaomba kusikiliza tena. Padri akamwekea. Alisikiliza akiwa amefumba macho, mara ya kwanza, ya pili, mara nyingi. Tulisimama tukimngoja. Mwisho akafumbua macho, akaweka mkono wake juu ya sikio la kulia, akasema taratibu, "Basi sikio langu limezeeka."

Nakumbuka nilirekebisha kravati.

Padri hakuwa mtu mbaya, na hakumfukuza kwa maneno makali. Alimwambia kazi hii inataka alama zinazorudi mahali pake, kwamba anamshukuru, na kwamba atamwita tena kwa kurekodi. Melania alikunja kitenge alichokitumia kufunika mashine yake, akakiacha juu ya kiti. Baada ya wiki chache nilisikia amehamia Zongwe kwa kaka yake. Padri alizituma orodha zangu Ulaya pamoja na ripoti ndefu. Ndani yake aliandika, nilisoma mwenyewe, kwamba msaidizi wake Mkongomani ana usahihi wa nadra.

Mtaniuliza uwongo wenyewe ulijulikanaje. Ulijulikana kwa ajali tu. Bande ya asili ilikuwa imechoka mwanzoni, ikakatika. Padri akaiunga mwenyewe, na katika kuiunga alikata vidole vinne vya ukimya. Hakuona sababu ya kuniambia. Akanifanyia nakala mpya, akaniomba niweke alama mara ya mwisho, safi, kwa ajili ya kitabu. Mimi nikafungua droo.

Asubuhi aliyokuja kuiangalia, aliwasha mashine akasikiliza kati ya alama na alama, ambapo ilipaswa kuwepo m peke yake. Ikatoka nusu ya silabi ya katikati. Akajaribu nyingine. Ukatoka mkia wa neno na ukimya. Alikaa. Akaichukua orodha yangu ya zamani, akailaza kando ya mpya, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini.

"Fideli," akasema, "bande hii niliikata mwanzoni wiki iliyopita. Maneno yote yamesogea. Alama zako hazikusogea."

Alikuwa hana sauti ya kugomba. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia. Aliniuliza kama nilisikia chochote kwenye *alinunua*, nikamwambia hapana. Akavua miwani, akaigeukia meza ya Melania.

"Mimi nimemfukuza mtu aliyekuwa akisema kweli," akasema. "Hilo ni langu, nitamwandikia. Lako utalibeba mwenyewe. Utakwenda Zongwe na utamwambia kwa kinywa chako."

Nilikwenda kwa mtumbwi wa mota wa wafanyabiashara wa samaki. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Nilimkuta Melania kwenye mchanga, ameinama, anageuza ndagala juani kwa ufagio wa majani. Alinifurahia, ndiyo iliyokuwa mbaya. Aliniletea kigoda na maji ya kunywa, akaulizia habari za mama yangu. Nikampa barua. Aliisoma polepole, midomo ikitembea. Ilikuwa fupi: Padri anaomba radhi, kulikuwa na kosa, rudi kazini, Fideli atakueleza.

"Padri anasema utanieleza," akasema. "Ilikuwa kosa ya nani?"

Kinywa changu kikafunguka, kikasema, "Ya mashine, Mama. Ilikuwa inakimbia vibaya."

Alishusha pumzi, kubwa, mpaka mabega yakashuka.

"Mashine," akasema. "Kumbe mashine. Mimi nilijua ninakuwa kiziwi. Hata kuimba niliacha, Fideli mwanangu. Niliogopa ninapotosha wengine."

Sijui kama mnaelewa. Nilikuwa nimeona vile vidole vikigusa sikio, nikaishi navyo. Lakini hilo la kuimba sikulijua. Mwanamke yule alikaa kimya kanisani miezi mitano kwa sababu ya neno langu moja, *ninausikia*. Na nilipopewa nafasi ya kulirudisha, nikatupa lawama kwa kifaa ambacho hakiwezi kujitetea. Alinikaangia samaki, nikala.

Akarudi kazini. Padri alidhani nimekwisha kusema, kwa hiyo hakuligusa tena jambo lile mbele yetu, akiona ni heshima. Melania naye akaanza kuiogopa mashine. Alipima kila kitu mara tatu. Aliweka alama, akaifuta, akasema labda imekimbia tena. Kazi iliyomchukua asubuhi moja zamani sasa ilimchukua siku mbili. Mimi nilikuwa meza ya pili nikimtazama.

Lakini yeye hakuwa mtu wa kuogopa tu na kuishia hapo. Siku moja alikuja na saa ya mezani ya kaka yake, ile ya kutia ufunguo. Kila asubuhi, kabla ya kazi, aliiweka mbele ya mikrofoni akarekodi ikigonga. Halafu alitia alama kila pigo na kupima umbali kati ya moja na jingine. Kama mashine inakimbia, alisema, mapigo yatasogeleana au yataachana. Aliandika namba zake kwenye karatasi ndefu iliyobandikwa ukutani. Padri alipoiona akaniambia kwa Kifaransa kwamba hata yeye hakulifikiria hilo.

Baada ya wiki nne Melania aliibandua karatasi, akaileta kwenye meza ya Padri. Nilikuwepo, nafuta vichwa vya mashine kwa pamba.

"Padri, nimeipima kila siku. Haikosei. Asubuhi, mchana, ni mamoja tu. Basi lile kosa la zamani lilitoka wapi?"

"Kosa gani?" Padri akauliza.

"Lile la mashine. Lililonipeleka Zongwe. Fideli aliniambia."

Padri hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nikaweka pamba chini.

"Mama Wilondja," nikasema, "halikutoka kwenye mashine. Lilitoka kwangu. Mara ya pili sikusikiliza. Nilinakili namba kutoka kwenye daftari."

Hakunielewa mara moja. Ikabidi nieleze tena, daftari, droo, na ile milimita moja. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Na siku ile nilikuuliza kama unasikia mulango. Ulikuwa unausikia?"

"Hapana, Mama. Sikusikia kitu."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kukataa.

"Nilikuamini wewe kuliko sikio langu," akasema.

Alichukua kitenge chake, akaifunika mashine vizuri, akatoka. Nilidhani ndiyo mwisho. Kesho yake alikuja saa yake ya kawaida, akakaa, akaanza *mayai* tangu mwanzo. Aliacha kupima saa ya mezani. Mikono yake ikawa na haraka tena. Tulifanya kazi pamoja karibu mwaka mzima baada ya hapo, na alinifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu kusikiliza. Nilipokosea alinirekebisha, nilipopatia alisema ni sawa. Lakini tangu siku ile hakuniita tena mwanangu. Aliniita Bwana Fideli, kwa adabu kamili, kama anavyoitwa mtu wa ofisi ambaye una shida naye. Ningependa angenitukana.

Padri aliandika Ulaya barua ya kusahihisha. Posta ya siku zile mnaijua kwa kusimuliwa. Kisha ukaja ule mwaka wa waasi. Padri aliondoka na sanduku moja tu la bande. Chumba kilivunjwa, na mashine sijui zilikwenda wapi. Melania na watoto wake walivuka ziwa kwenda upande wa Kigoma pamoja na watu wengi. Nilisikia hilo kwa jirani. Hakuja kuniaga, na hapakuwa na sababu ya kuja. Mimi nikaenda kuwa karani bandarini hadi pensheni.

Mwaka jana alikuja nyumbani binti mmoja mwanafunzi, anasoma mambo ya lugha. Alikuwa na karatasi za fotokopi za ripoti ya Padri Hubert, alizozipata kwenye biblioteki, maktaba ya mbali. Orodha zangu zilikuwemo, zimechapwa vizuri, na jina langu chini, na yale maneno ya usahihi wa nadra. Barua ya kusahihisha haikuwa imefika popote. Binti alikuwa amefurahi sana kukuta bado niko hai. Alitaka kunipiga picha nikiwa nimeishika ile karatasi.

Nikamwambia akae. Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi, tangu mwanzo, naye akaacha kutabasamu, akatoa kalamu, akaandika. Alikuwa mwangalifu, anauliza vizuri, anarudia nilichosema ili ahakikishe. Nilimwambia aandike kwamba mahali pote ambapo mimi nimeweka namba kati ya u na a, mama yule alisema hapakatiki, na kwamba yeye ndiye alikuwa sahihi.

"Nitaandika, Papa," akasema. "Nipe jina lake kamili. La ukoo."

Nikafungua kinywa. Melania lilikuwa jina la ubatizo. Wilondja lilikuwa la mtoto wake. La kwao, alilopewa na baba yake kule pwani ya kaskazini, nililitafuta kichwani huku binti akingoja na kalamu yake. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja karibu miaka miwili, mita tatu kati ya meza na meza, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Binti akaacha nafasi wazi kwenye karatasi. Ikiwa yeyote kati yenu ana ndugu Zongwe, au Kigoma, au huko kaskazini, anayemfahamu mjane wa mvuvi aliyeitwa Mama Wilondja, aliyeuza ndagala Kalemie na kuimba kwaya siku za uhuru, naomba aulize jina lake na aniletee. Nakaa palepale karibu na kambi ya reli, nyumba ya tatu. Nitawaambia watu wake kwamba sikio lake halikuzeeka.